Ukuta wa Karatasi Kwenye Saluni ya Point

Mwaka 2009 nilikuwa msusi. Nilisuka nywele katika saluni moja ya Wakongomani huko Point, mjini Durban, Afrika Kusini, chini ya jengo la zamani karibu na bandari, na nilisuka vizuri. Kabla ya hapo, kule Bukavu, nilikuwa nimefundisha hisabati shule ya sekondari kwa miaka sita. Jambo hilo sikupenda kulisema. Si kwamba niliona haya, ila niligundua mapema kwamba mtu akianza na "mimi zamani nilikuwa", wenzake humwangalia kama wanavyomwangalia mgonjwa. Durban ilijaa watu wa zamani. Yule aliyelinda magari ufukweni alikuwa mwanasheria. Yule aliyetengeneza simu kwenye kona yetu alikuwa amesomea kilimo.

Mwenye saluni alijua, kwa sababu siku ya kwanza aliniuliza nilifanya kazi gani nyumbani, nami sikuwa nimejifunza bado kunyamaza. Alikuwa mama wa Uvira, miaka hamsini hivi, mnene, sauti nzito, vidole vyepesi ajabu. Sote tulimwita Mama Patroni, yaani mama bosi. Yeye aliniita Mwalimu, mbele ya wateja, kwa sauti, na kila mara nilitamani aache.

Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba uchumi wa dunia umeanguka. Sisi tuliuona kwenye vichwa. Wanawake wa mahotelini na wa viwanda vya nguo, waliokuwa wakija kila mwezi, walianza kuja na rasta za miezi mitatu. Wengine walisema, "Nifumulie tu, dada, nitasuka mwenyewe nyumbani." Mteja akikuambia hivyo ujue amepunguzwa kazini au anangoja kupunguzwa. Haikupita muda mrefu Mama Patroni akaniita pembeni.

"Mwalimu, kuanzia wiki kesho utakuja siku tatu tu. Si mimi. Iko hali."

Nilijua kweli si yeye. Nilimshukuru, nikaendelea kusuka.

Mambo yalianzia kwa mume wa mteja mmoja. Walikuwa Warundi. Mume alikuwa akiendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala moja, na ghala lilikuwa limefunga nusu ya milango yake. Alimsindikiza mkewe, akakaa kwenye kiti cha kungojea akiwa ameshika bahasha tupu. Aliposikia Mama Patroni akiniita Mwalimu, alisimama.

"Mwalimu wa kweli? Basi uniandikie CV. Kila mahali wanaomba CV."

Nilimwandikia palepale, nikitumia meza ya mafuta ya nywele. Niliandika kama tulivyoandika kwetu: jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa, tarafa, hali ya ndoa, dini, idadi ya watoto. Mwishoni nikaongeza kwamba ni mtu mwaminifu na mcha Mungu. Nilijivunia mwandiko wangu.

Baada ya wiki moja alirudi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu, yule mama wa ofisi ameisoma yote," alisema. "Kisha akaniuliza kama natafuta kazi au natafuta mchumba."

Saluni nzima ilicheka, na yeye pia. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nilijisikia kama mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni na darasa zima limeona. Kesho yake haikuwa siku yangu ya kazi. Nilitoka Point kwa miguu mpaka katikati ya mji, nikaingia maktaba ya umma. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule kwa miaka mitatu nikidhani ni lazima uwe raia ndipo uingie.

Mkutubi alikuwa mama wa Kizulu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alinisalimu, "Sawubona, sisi." Kwa Kizulu "sisi" ni dada, lakini nilipokuwa mgeni mjini nilikuwa nikiisikia kama sisi yetu, kana kwamba mtu ananiambia mimi na yeye tuko pamoja. Mpaka leo sijaacha kuisikia hivyo. Nilimweleza shida kwa Kiingereza changu cha kukatakata. Hakuuliza karatasi zangu. Alinipeleka kwenye rafu moja ya ukutani ambayo ilikuwa na vumbi kidogo, dalili kwamba haikuwa na wasomaji wengi.

Pale palikuwa na kila kitu. Vitabu vya kufundisha kuandika CV, vijitabu vya vyuo, fomu za misaada ya masomo, mitihani ya zamani ya matric, yaani ya kumaliza sekondari, maelezo ya watu wazima wanaotaka kurudi shule, orodha ya kazi za ufundi na namna ya kuzipata. Vyote bure, mradi usome.

"Hiki hakitoki nje," alisema, "lakini mashine ya kunakili ile pale." Alinifungulia ukurasa. "Waajiri wanataka kujua mambo manne tu: umefanya nini, kwa chombo gani, kwa muda gani, na nani atakushuhudia. Mambo ya baba yako ni ya baba yako."

Kisha aliniangalia juu ya miwani. "Na wewe mwenyewe unatafuta nini?"

"Natafutia watu."

"Na wewe?"

"Mimi ni msusi," nilisema, nikainamia ukurasa.

CV ya pili ya yule Mrundi ilikuwa ukurasa mmoja. Haikuchukua siku nyingi akaitwa kwenye usaili, na hapo ndipo Mama Patroni alipoingilia. Asubuhi ile hakukuwa na mteja hata mmoja. Alikaa kwenye kiti cha draya ya kukaushia nywele, akamsimamisha Mrundi mbele yake, akakunja mikono, akasema yeye ndiye meneja wa kumsaili.

"Kwa nini nikupe wewe kazi?"

Mrundi aliangalia sakafu. "Kwa sababu nina watoto watatu, mama."

"Hapana! Watoto ni wako. Mimi nataka mzigo wangu usianguke. Na uniangalie machoni!"

"Kwetu kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu."

"Kwetu pia. Lakini huku ukiangalia chini wanasema umeiba. Inua uso, baba. Tena!"

Walirudia mpaka jasho likamtoka. Kazi ile hakuipata. Ya pili pia hakuipata. Ya tatu aliipata, kwenye yadi moja ya makontena, na Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akaitaja saluni yetu pale mbele ya watu wote. Jumatatu tulikuta watu wanne mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusukwa.

"Mwalimu, hapa ni saluni," alisema Mama Patroni. "Si ubalozi."

Lakini viti vilikuwa vitupu, na mtu anayengoja anaangaliaangalia, na akiangaliaangalia anaweza kukumbuka kwamba kichwa chake kinahitaji kazi. Siku chache baadaye alibandua mwenyewe zile picha kubwa za mitindo ya nywele ukutani karibu na draya. "Chukua ukuta huu," alisema. "Lakini usinigusie kioo."

Hivyo ndivyo ukuta wa karatasi ulivyoanza. Kila wiki nilikwenda maktaba, nikanakili, nikatafsiri. Niliandika kwa Kiswahili na Kifaransa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zilizosimama wima, ili mtu aliye chini ya draya aweze kusoma bila kunyanyuka. Hatua za kupeleka diplome, yaani shahada ya kwetu, Pretoria ili ipimwe kama inakubalika huku. Masharti ya matric ya watu wazima. Masomo ya Kiingereza ya bure. Vyuo vinavyopokea watu wenye karatasi za ukimbizi, na swali la kuuliza pale mtu wa dirishani anapokujibu kwamba havipokei: "Tafadhali, naomba uniitie mkubwa wako." Sentensi hiyo niliwafundisha watu wengi kuliko niliowahi kuwafundisha aljebra.

Watu walikuja kutoka mitaa mingine ya mji, Berea na hata Cato Manor. Msichana mmoja aliyekuja kusukwa kwa ajili ya harusi ya dada yake alisoma ukuta kwa saa nne mfululizo, maana hakuwa na pa kwenda, nywele zake zilikuwa mikononi mwangu. Alikuwa na matric nzuri na alikuwa akifagia duka kwa sababu mtu fulani alimwambia chuo kikuu si cha wakimbizi. Mwaka uliofuata aliingia chuo kikuu. Baba mmoja, fundi umeme wa miaka mingi, aligombana nami kwa sababu nilifuta neno "injinia" kwenye CV yake. Alinuna, akaondoka, akarudi baada ya miezi miwili kunionyesha kitambulisho chake cha kazi. Kiliandikwa fundi umeme. Wengine hatukuwaona tena. Wengine walijaribu kila kitu cha ukutani na bado hawakupata, na hao niliwawekea kiti tu.

Nilijivunia ukuta ule. Sikujivunia hivyo hata shahada yangu. Watu walizoea kubandua karatasi na kwenda nazo, nami nilikuwa naandika nyingine, na Mama Patroni alilalamika juu ya gundi.

Jumapili moja mchana, mwaka 2011, tulikuwa wawili tu saluni. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekuja kupanga bidhaa. Niligeuka nikamkuta amesimama mbele ya ukuta, kidole kikifuata mistari polepole, midomo ikicheza. Alikuwa anasoma karatasi ambayo niliibandika bila kufikiria, ya mtihani wa ufundi wa nywele.

"Mwalimu, hii inasema nini kabisa?"

"Inasema mtu aliyefanya kazi ya nywele miaka mingi anaweza kufanya mtihani wa serikali bila kupitia chuo. Akipita anapewa cheti cha fundi. Anaweza kupokea wanafunzi rasmi."

Alikaa. Nilikuwa nimemfahamu kwa miaka mitano na sikujua alichoniambia siku ile, kwamba aliacha shule akiwa darasa la tano. Kwamba mkataba wa pango la saluni alisomewa na mpwa wake. Kwamba wasichana aliowafundisha kusuka, wangapi hata hajui, walikuwa wanaulizwa walisomea wapi, na jibu lao lilikuwa "kwa mama mmoja".

"Miaka ishirini na sita niko kwenye nywele za watu," alisema. "Nataka karatasi iseme."

"Basi tutajaza fomu kesho."

"Ngoja. Na diplome yako iko wapi?"

Nilirudi kwenye chupa nilizokuwa nikipanga.

"Mwalimu, iko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Eish! Unatuma watu wote Pretoria, yako inalala?"

Nilimwambia ukweli, ambao sikuwa nimejiambia hata mwenyewe. Diplome ile niliivusha mipaka minne, imefungwa kwenye nailoni, nimeivaa tumboni. Ikipimwa ikaonekana si kitu, nitabaki na nini?

"Utabaki na saluni," alisema Mama Patroni. "Kama sasa. Umepoteza nini?" Alinyanyuka. "Yangu na yako zitaenda siku moja. Ukikataa, na mimi nakataa."

Tulikwenda posta pamoja, yeye na fomu yake, mimi na bahasha yangu. Aliisukuma bahasha yangu dirishani kwa mkono wake, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimeishika.

Kisha nikaanza kumfundisha. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili, mikono na nadharia, na mikono haikuwa na wasiwasi. Nadharia ilikuwa kwa Kiingereza. Tulianza na uwiano. Nilichora duara na sehemu zake, akapiga miayo. Nikaacha duara, nikachukua chupa za rangi. "Rangi sehemu moja, dawa ya kufungulia rangi sehemu mbili. Ukiwa na rangi ya vijiko vitatu?"

"Sita," alisema papo hapo. "Hiyo ndiyo hesabu? Hiyo nafanya kila siku!"

Kupima ukali wa dawa, kutoka asidi hadi alkali, nilimfundisha sakafuni. Tulipanga chupa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye beseni: ndimu upande huu, maji katikati, dawa ya kulainisha nywele mwisho kabisa kule. Alitembea kando ya mstari akitaja namba kwa Kiingereza, viatu mkononi. Neno likimshinda alisema, "Hili nalijua kwa vidole, mdomo ndio haulijui." Na kweli alilijua. Nilipomsomea kuhusu nywele zinazonyonya maji kupita kiasi, aling'oa unywele wake mmoja na wangu mmoja, akazitia kwenye glasi ya maji, akanionyesha upi unazama upesi. Wangu ulizama. Alisema nipunguze kuuchoma.

Jibu langu kutoka Pretoria lilikuja baada ya miezi saba. Nililisoma mara nne nikitafuta neno "lakini". Halikuwemo. Walikuwa wameipokea shahada yangu yote. Mama Patroni alizima draya zote mbili, wateja wakiwa bado wamekaa chini yazo, akaniambia nisome kwa sauti.

Baraza la walimu lilinisajili, na mwanzoni mwa 2012 niliitwa na shule moja ya sekondari Cato Manor iliyokosa mwalimu wa hisabati. Mkuu wa shule alikuwa mwanamume mtulivu, tai yake imelegea. Alipitia CV yangu mpaka mwisho.

"Naona umefundisha hadi 2005. Tangu hapo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimewafundisha watu wengi jinsi ya kujibu swali hilo. Mimi mwenyewe nilijikuta naangalia sakafu. Kisha niliinua uso.

"Nilikuwa saluni, bwana mkuu. Nilisuka nywele. Na humo saluni nilifundisha."

"Ulifundisha nini?"

Nilimweleza ukuta. Nilimweleza usaili wa mazoezi kwenye kiti cha draya, na chupa sakafuni. Hakucheka. Alinipa chaki, akaonyesha ubao mdogo uliokuwa ofisini kwake.

"Nifundishe uwiano kama ulivyomfundisha huyo mama."

Nilifundisha. Niliandika rangi sehemu moja, dawa sehemu mbili. Nilipogeuka, katibu wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, naye amesahau kukileta ndani.

"Unaweza kuanza lini?" aliuliza mkuu wa shule.

Wanafunzi wangu wa kwanza waliiga lafudhi yangu kwa wiki mbili. Wiki ya tatu tulianza milinganyo, wakawa hawana nafasi. Walipofanya mtihani wa katikati ya mwaka, darasa langu liliongoza shuleni, na niliporudi nyumbani jioni ile nilipitia saluni nikasimama tu katikati ya sakafu. Mama Patroni alinitazama akasema, "Najua. Uso umekwisha kusema."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa mtihani wake. Mikono alipita bila doa, nadharia alikosa kidogo. Karatasi haikusema ameanguka. Ilisema bado hajafikia kiwango. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, nimekuja na maneno yangu mazuri. Aliniwekea kiti.

"Wameandika bado," alisema. "Bado si hapana. Leta vitabu."

Tulisoma mwaka mzima, Jumamosi baada ya kazi na Jumapili baada ya ibada. Sasa mimi ndiye niliyetoka shule nimechoka na yeye ndiye aliyenisukuma. Ukuta aliutunza yeye. Aliandika tangazo la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, lenye makosa mawili, na sikulisahihisha.

Mwaka 2013 alipita. Vyeti vilitolewa katika ukumbi mmoja mjini, siku ya Ijumaa, nami niliomba ruhusa shuleni. Alivaa kitenge kipya cha bluu na kilemba kilichosimama kama taji. Waliokaa naye kwenye safu walikuwa vijana watupu, wangeweza kuwa watoto wake, na mmoja wao alidhani amekuja kumsindikiza mtu.

Waliitwa mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, msomaji wa majina alikwama, akalivunjavunja jina lake, akaliruka nusu, akatabasamu kuomba radhi. Mama Patroni alikuwa amekwisha kupanda ngazi. Alisimama. Hakwenda kwa yule aliyeshika cheti, alikwenda kwa msomaji. Kipaza sauti kilikuwa wazi, sote tulimsikia, kwa kile Kiingereza tulichokisoma pamoja kati ya chupa.

"Lisome tena, mwanangu. Taratibu. Nitakusaidia."

Alimtajia jina lake silabi kwa silabi, na yule kijana akalirudia, la kwake, la baba yake, lote. Aliposema silabi ya mwisho vizuri, mama alitikisa kichwa kumkubalia, kama mwalimu. Ndipo akaenda kupokea cheti chake, akakiinua juu kwa mikono miwili, nami nilikuwa nimesimama juu ya kiti, napiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.